Safari ya usiku kwenda Kariakoo: simu, ramani na mtu wa kukuangalia

Tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku kucha, sisi wanawake tunaofuata mzigo Kariakoo tumepata nafuu na tumepata mtihani. Nafuu ni kwamba unafunga duka jioni, unapanda basi, na asubuhi uko Dar unachagua vitenge. Mtihani ni saa basi linapokushusha. Ukipanga vibaya unashuka saa tisa usiku, peke yako, na mtaji kiunoni, huku wapiga debe wanakuvuta begi kila upande.

Mimi nauza vitenge na viatu vya watoto Makambako. Wenzangu pale sokoni, hasa wadogo zangu wanaoanza biashara, huniuliza mara kwa mara namna ya kutumia ramani ya simu safarini, na majibu ya dakika mbili mbele ya mteja hayatoshi. Nimeandika hapa yote ninayoyafanya. Nimefuata njia yangu ya Makambako hadi Dar. Kama unatoka Singida, Masasi au Bukoba badilisha majina ya vituo, kazi ni ileile.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujagusa simu. Ramani haimzuii mtu mwenye nia mbaya. Kinachosaidia ni kuwepo kwa mtu mwingine, mahali pengine, ambaye sasa hivi anajua uko wapi na anajua afanye nini ukinyamaza. Simu ni ya kumfikishia habari mtu huyo. Kwa hiyo kabla ya kupakua programu yoyote, tafuta mtu.

Mtu wa kukuangalia

Wengi humchagua mume au mama mzazi. Si vibaya, lakini jiulize kama saa kumi alfajiri atakuwa macho. Mume wangu ananipenda na ananiombea kila safari, ila akishalala simu inaweza kuita mpaka ikachoka. Anayeniangalia mimi ni wifi yangu. Anapika maandazi ya kuuza stendi, na saa tisa usiku tayari unga umeshaumuka na jiko limewaka. Simu anaiegemeza kwenye kopo la sukari, mbali na mafuta, na kila akigeuza maandazi anatupa jicho. Tafuta mtu ambaye kazi yake inamwamsha usiku: muuguzi wa zamu, mlinzi, mwoka mikate, mama mwenye mtoto mchanga. Ukikosa, gawaneni wawili, mmoja wa kabla ya saa nane usiku na mmoja wa baada.

Kumtumia lokesheni peke yake hakutoshi. Mpe na ratiba, ili ajue anachokiona ni cha kawaida au la. Huu ndio ujumbe ninaomwandikia, na unaweza kuunakili kama ulivyo:

"Wifi, za jioni. Nimeshapanda. Picha ya namba za basi na ya tiketi hizo hapo juu, kiti 23, dirishani. Namba ya konda ninakutumia sasa hivi. Tumetoka saa moja na robo. Tukienda vizuri, Iringa saa nne, Mikumi mjini saa nane, Morogoro saa kumi na robo, Mbezi saa moja na robo asubuhi. Mteremko wa Kitonga na ndani ya hifadhi ya Mikumi nikinyamaza usishtuke. Kwingineko nikikaa sehemu moja zaidi ya saa nzima, nipigie."

Halafu mkubaliane hatua. Kwanza anapiga. Ukipokea, anakuuliza swali mlilopanga. Letu ni kuhusu dawa ya bibi: nikisema nimeibeba, niko salama, nikisema nimeisahau, nina shida na siwezi kusema mbele za watu. Usipopokea, anampigia konda, kisha ofisi ya basi, kisha polisi kwa 112, ambayo hailipiwi. Wifi amezibandika hatua hizi na namba zake ukutani karibu na jiko, zimeandikwa kwa kalamu nzito. Mtu aliyeshtuka usiku hakumbuki namba, na wala hatakiwi kuanza kufikiri nani apigiwe kwanza.

Panga saa ya kufika, siyo ya kuondoka

Hapa ndipo ramani inapolipa kuliko mahali pengine popote, na bahati nzuri unaifanya kazi hii ukiwa bado nyumbani. Ukiuliza ramani ya Google kutoka Makambako hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, itakupa saa za gari dogo linalokimbia. Basi si gari dogo. Lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa barabarani na 50 kwenye makazi, linapita mizani, linasimama kula, linasimamishwa na askari wa barabarani. Ongeza saa mbili mpaka tatu juu ya zile unazoonyeshwa. Kwa njia yangu, yenye zaidi ya kilomita 600, mimi huhesabu saa 12.

Sasa hesabu kinyumenyume. Nataka kushuka kumekucha, tuseme saa moja asubuhi. Basi la saa moja jioni linanifaa. Basi la saa tisa alasiri, hata kama tiketi yake ni nafuu na viti vyake ni vizuri, litaniacha Mbezi saa tisa usiku, na ile nafuu nitaimalizia kwenye teksi na wasiwasi. Nawasihi sana wadogo zangu: msikatishwe tiketi na wakala kwa sababu tu basi liko tayari kuondoka. Fungua ramani mbele yake, piga hesabu, kisha sema unataka lipi.

Ikitokea mmefika mapema kuliko mlivyotegemea, usitoke nje ya stendi. Kaa sehemu ya kusubiria, kwenye taa, karibu na familia au akina mama wengine, mpaka kupambazuke. Kusubiri pale ni sehemu ya safari kama kiti cha basi kilivyo sehemu ya safari.

Kuiandaa simu

Watu wengi wanaamini bando likiisha ramani nayo imekufa. Siyo hivyo. Simu inajua ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti, na ishara hizo hazihitaji bando wala laini. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe, pamoja na kumtumia mtu mahali ulipo. Kwa hiyo pakua ramani ukiwa mjini kwenye Wi-Fi au bando la usiku. Kwenye ramani ya Google gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye ramani za nje ya mtandao, kisha vuta kile kisanduku kifunike njia yako yote. Kama hakitoshi, pakua vipande viwili au vitatu: Njombe hadi Iringa, Iringa hadi Morogoro, Morogoro hadi Dar. Zisasishe kabla ya safari, kwa sababu zinapitwa na wakati.

Jua upungufu mmoja: ramani ya Google bila intaneti itakuelekeza kwa gari, lakini kwa miguu haikuelekezi. Ndiyo maana ninayo pia Organic Maps, ambayo inatumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na inafanya kila kitu bila mtandao, vichochoro na njia za miguu vikiwemo. Kwa Dar inafaa sana, kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe mitaani, wakachora kata kwa kata, mwanzoni kwa ajili ya mafuriko. Kazi yao ya mafuriko leo inamwonyesha mwanamke njia katika mitaa ya Tandale na Manzese ambayo ramani nyingine hazikuwahi kuijali.

Weka alama kabla hujaondoka: stendi, gesti, duka unalonunua, kituo cha polisi kilicho karibu na gesti, hospitali. Zipe majina mafupi unayoyaelewa wewe. Gesti iweke kwa namba ya nyumba na jina la barabara, vile vibao vilivyowekwa mitaani 2022 kwenye operesheni ya anwani za makazi, na umtumie wifi yako hivyohivyo. "Gesti ya ghorofa karibu na msikiti" haimsaidii askari saa kumi usiku.

Chaji ijae, pawabenki ijae, waya ujaribiwe. Punguza mwanga wa skrini. Ila usiwashe kile kitufe cha kuokoa chaji, kwa sababu simu nyingi zikiwashwa hicho zinaizuia WhatsApp kutuma mahali ulipo mara tu skrini inapozima, na aliyeko nyumbani anabaki anakuona umesimama Mafinga wakati wewe uko Iringa.

Kumwonyesha mahali ulipo

Kwenye WhatsApp fungua mazungumzo na mtu wako, gusa alama ya kuambatisha, chagua lokesheni, kisha chagua ile inayotembea nawe, siyo ile ya mahali pamoja tu. Itakuuliza muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Simu itakuuliza pia ruhusa. Iruhusu kutumia lokesheni wakati wote, la sivyo itaishia pale unapofunga skrini.

Sasa hesabu nami. Umepanda saa moja na robo jioni, umechagua saa 8. Zinaisha saa tisa na robo usiku, mkiwa ndio kwanza mnatoka hifadhini, Morogoro bado. Yaani saa unayoihitaji kuliko zote, ile ya kushuka Mbezi na kuingia mjini, haimo. Weka kengele ya simu saa kumi, uwashe upya mkiwa Morogoro. Nimekutana na wanawake wengi ambao walidhani wanaonekana safari nzima.

Ramani ya Google nayo ina njia yake: gusa picha yako, chagua kushiriki mahali ulipo, mchague mtu. Hii unaweza kuiacha mpaka uizime mwenyewe, na ina faida moja kubwa, kwamba mtu wako anaona na kiasi cha chaji kilichobaki. Doti yako kwenye ramani ikisimama huku chaji ilikuwa asilimia 3, wifi anajua simu imezimika. Ikisimama huku chaji ilikuwa 70, anapiga. Mimi hutumia zote mbili, kwa sababu zinakula data kidogo sana na moja ikigoma nyingine inaendelea.

Njiani

Kaa dirishani kama unaweza, kwani katikati ya basi bati linapunguza nguvu ya setilaiti. Ukikaa, fungua ramani uhakikishe doti ya bluu inatembea, kisha iweke simu mbali. Huna haja ya kuitazama usiku kucha.

Kazi kubwa hapa ni ya aliyeko nyumbani, na inabidi umfundishe kusoma ukimya. Kitonga, ule mteremko kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, lori moja likiharibika kwenye kona foleni inaweza kula saa mbili. Doti iliyosimama Kitonga usiku ni jambo la kawaida. Baada ya Mikumi mjini barabara inaingia hifadhini kama kilomita 50, na mwendo unaoruhusiwa humo ni 50 kwa saa kwa ajili ya wanyama. Mtandao unakatikakatika. Anayekuangalia ataona maandishi kwamba ulionekana mara ya mwisho dakika 20 zilizopita, kisha 40. Asubiri. Ikizidi saa moja na nusu ndipo aanze kupiga. Lakini doti ikiacha barabara kuu na kuingia njia ya vumbi, au, nje ya Kitonga na hifadhi, basi likisimama pahali pasipo na kituo, mizani wala mji, asisubiri chochote.

Basi likikimbia kupita kiasi, ramani itakuonyesha. Weka mwelekeo wa Mbezi kama unaendesha wewe. Kwenye simu nyingi mwendo unaonekana pembeni mwa skrini. Ukiona 110 kwenye mteremko, piga picha ya skrini na upige namba ya LATRA, mamlaka inayosimamia mabasi, iliyobandikwa ndani ya basi. Mabasi haya yana vifaa vya kufuatilia mwendo, kwa hiyo malalamiko yako yanaweza kulinganishwa na kumbukumbu ya kifaa. Lalamika kwa heshima na kwa ujumbe mfupi ukiogopa kusikika.

Kutoka stendi mpaka mlangoni

Sehemu hii ndiyo inayoninyima usingizi ninapomwangalia mwenzangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiita teksi kwa programu, iite ukiwa bado ndani, umekaa. Gari likifika, linganisha namba za gari, rangi na uso wa dereva. Usimuulize, "Wewe ndiye uliyetumwa kumchukua Mama Fulani?" Hapo umeshampa jibu. Muulize, "Kaka, umekuja kumchukua nani?" Akitaja jina lako, ingia, ukae nyuma, upande wa kushoto, ambako mlango unafungukia pembeni ya barabara. Hakikisha mlango unafunguka kwa ndani. Kisha gusa kitufe cha kushiriki safari, umtumie mtu wako kiungo.

Wapo madereva watakaokuambia, "Dada, katisha safari kwenye programu, tulipane mkononi, nitakupunguzia elfu mbili." Kataa, hata kama sura yake ni ya upole na hata kama anakuomba kwa unyonge. Ukikatisha, safari inatoweka kwenye kumbukumbu: hakuna njia iliyochorwa, hakuna jina la dereva lililofungwa na jina lako, na kitufe cha dharura cha programu hakijui tena kwamba mko pamoja. Sema tu, "Samahani kaka, analipa mume wangu kutoka kwenye simu yake." Siyo lazima iwe kweli.

Pamoja na ramani ya dereva, fungua ya kwako. Asubuhi moja dereva aliacha Barabara ya Morogoro pale Kimara Korogwe, akakata kuelekea Kilungule, wakati mstari wangu ulikuwa unanyooka kwenda Ubungo. Nikampigia wifi papo hapo, kwa sauti ya kawaida lakini ya kusikika. "Wifi, unaniona? Tumekata hapa Kimara Korogwe, tunapita njia ya ndani." Akanijibu kwenye spika, "Nakuona, mama, naona mnaelekea External, endelea kuongea nami." Kisha nikamgeukia dereva: "Kaka, tunapitia wapi?" Akaeleza kwamba Ubungo kulikuwa na foleni, tungetokea External tushike Barabara ya Mandela. Na kweli tulitokea External. Alikuwa mtu mwema anayekwepa foleni, na nikamshukuru. Lakini kama asingekuwa mwema, angekuwa ameshasikia yote aliyopaswa kuyasikia. Fanya hivyo kila mara njia inapobadilika, bila ukali na bila kumtuhumu mtu. Jina la mahali ulitaje kwa sauti. Hapo ramani inakuwa imekupa kitu cha kusema.

Dereva akikataa kueleza, au mstari ukizidi kuwa mbali, mwombe akushushe mahali penye watu: sheli yenye taa, duka la dawa, msikitini watu wakitoka swala ya alfajiri. Tafuta sehemu hiyo kwenye ramani yako mwenyewe na umtajie: "Nishushe hapo sheli mbele mita mia tatu, nanunua maji." Hiyo ni rahisi kukubalika kuliko "simama hapahapa."

Kwa bodaboda sishauri kabla ya kucha, na mzigo wa fedha mwilini kabisa sishauri. Ikibidi, washa kushiriki, kisha simu iingie ndani ya nguo. Usiishike mkononi kufuata ramani, kwa sababu vishandu wa Dar, wale wezi wa kwenye pikipiki, wanaipokonya simu mkiwa mwendo. Kariri alama tatu za njia badala yake.

Kariakoo yenyewe ina tabia yake. Maghorofa yamebanana, ishara za setilaiti zinagonga kuta, na doti inarukaruka kutoka Mkunguni hadi Sikukuu wakati wewe umesimama tu. Ukiona duara kubwa la samawati limeizunguka doti, maana yake simu haina uhakika. Hapo acha kuiamini, soma kibao cha mtaa. Ukitaka kuangalia njia, ingia dukani, geuka upe mgongo ukuta, angalia, funga, ndipo utoke. Na ramani ikikupa njia mbili kwa miguu, ujue imechagua iliyo fupi. Haijui kama kuna taa, haijui kama maduka ya upande ule yamefungwa. Badili uione kama picha ya angani: ukiona uzio mrefu, godauni au uwanja mtupu, pita Msimbazi au Uhuru kwenye watu hata kama ni mbali zaidi.

Ukifika gesti, ukishaingia chumbani na kuufunga mlango kwa komeo, mtumie mtu wako ujumbe wa sauti. Maandishi yeyote mwenye simu yako anaweza kuyaandika. Kisha zima kushiriki kote.

Kitufe cha dharura

Simu nyingi za sasa ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano haraka zinapiga namba ya dharura au zinatuma ujumbe wenye mahali ulipo kwa watu uliowachagua. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya usalama na dharura. Ingia leo, weka majina, na uzime ile sauti ya king'ora kama hutaki aliye karibu nawe asikie. Ijaribu ukiwa nyumbani, mtu wako akijua unajaribu.

Mwenye kitochi

Mama zangu wengi wa sokoni wana simu ndogo za vitufe, na wanadhani haya hayawahusu. Yanawahusu. Ramani haihitaji kuwa kwa msafiri. Inaweza kuwa kwa aliyebaki. Unatuma ujumbe mfupi kwenye kila kituo: "Iringa saa nne na nusu." "Ruaha Mbuyuni saa saba kasoro." "Msamvu, Morogoro, saa kumi na moja kasoro." Binti mwenye simu kubwa nyumbani anafungua ramani, anapima umbali uliobaki, anajua ujumbe unaofuata utafika lini. Usipofika, hatua ni zilezile za ukutani. Wanachosoma wote wawili ni njia moja.

Anayekufuatilia bila ridhaa

Siwezi kuandika haya yote nikanyamaza kuhusu upande wa pili. Kitu kilekile kinachomwezesha wifi yangu kunilinda kinamwezesha mwanamume mwenye wivu kumfunga mke wake kamba. Ninawajua wanawake wanaopigiwa simu, "Kwa nini umesimama dakika ishirini mbele ya duka lile?" Huko si kulindwa.

Kagua simu yako. Kwenye ramani ya Google, sehemu ya kushiriki mahali ulipo inaorodhesha kila anayekuona. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, faragha, kisha lokesheni. Halafu angalia na vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu mtu aliyeiunganisha akaunti yako na kompyuta yake anasoma kila unachoandika. Kwenye akaunti ya Google angalia orodha ya simu na kompyuta zilizoingia kwa jina lako, ubadilishe neno la siri. Kuna pia vidude vidogo vya kufuatilia, ukubwa wa sarafu, vinavyoweza kufichwa kwenye begi. Apple na Google walikubaliana, na tangu Mei 2024 simu nyingi zinakupa onyo zikigundua kidude kisicho chako kinatembea nawe. Onyo hilo likitokea, usilifute kabla ya kulisoma.

Lakini sikia, dada. Ukizima, yule anayekuangalia ataona umezima. Kama ni mtu wa kupiga, kuzima ghafla kunaweza kukuletea hatari kubwa kuliko kuacha. Usianze na simu. Anza na mtu: tumia simu ya rafiki, au nenda mwenyewe kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, ukiwa na sababu ya kawaida ya kuwa mjini siku hiyo. Piga picha za skrini za vitisho vyake, zihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine. Mengine mtapanga nao.

Weka mahali pazuri kwenye ramani

Kule Serengeti, mkoani Mara, ramani imefanya kazi ambayo kila nikiisimulia watu wananyamaza. Vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote, na msimu wa ukeketaji ukifika, mwishoni mwa mwaka, msichana akipiga simu usiku kuomba kuokolewa, gari lilikuwa halijui pa kwenda. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji na njia kwenye OpenStreetMap, na Rhobi Samwelly, mwanaharakati wa kupinga ukeketaji, na wenzake walioko Mugumu wanazitumia ramani hizo kuwafikia wasichana na kuwafikisha nyumba salama, wanakohifadhiwa.

Na wewe unaweza kuongeza. Organic Maps ina sehemu ya kuongeza mahali. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ni bure. Ramani ya Google nayo inapokea mahali papya. Nyumba salama usiiweke kamwe, hata kama unaijua ilipo, wala usiiweke nyumba yako kwa jina lako. Weka kituo cha polisi chenye dawati na uandike mlango uko mtaa gani, zahanati inayopokea watu usiku, sheli yenye taa na mlinzi, sehemu ya kusubiria ambayo mwanamke anaweza kukaa bila kufukuzwa, choo cha stendi ambacho mlango wake unafungwa kwa ndani. Andika na saa za kufungua. Mwenzako atakayekitafuta saa kumi usiku hatakuwa na muda wa kukuta kufuli.